Marudio ya Hisabati na Fizikia: Vipimo vya Fremu ya Baiskeli, Mahali pa Usukani na Starehe ya Mwendeshaji

MALENGO YA SOMO

Baada ya kusoma somo hili na kufanya mazoezi yake, mtahiniwa utaweza:
(a) kutumia saini na kosaini kutafuta kimo na umbali katika pembetatu mraba;
(b) kutafuta umbali kati ya nukta mbili na mteremko wa mstari unaoziunganisha;
(c) kutumia vekta kueleza kitu kinachosogezwa;
(d) kutumia kanuni ya momenti kukokotoa kani inayobebwa na mikono;
(e) kueleza kwa nini baiskeli moja humchosha mtu na nyingine haimchoshi, ingawa zote ni nzima.

Mtihani wako utaandikwa kwa Kiingereza. Hapa tunaelewa jambo lenyewe kwanza kwa Kiswahili. Ukimaliza kila sehemu, fungua daftari lako la darasani uandike istilahi za Kiingereza pembeni.

UTANGULIZI

Kata ya Dutwa iko wilaya ya Bariadi, mkoa wa Simiyu, kando ya barabara iendayo Lamadi. Ni nchi ya pamba. Msimu wa ununuzi ukifunguliwa, kwa kawaida mwezi Mei, familia nyingi hupata fedha kwa mkupuo, na moja ya vitu vinavyonunuliwa ni baiskeli. Hiyo hiyo moja itabeba maji, gunia, mgonjwa na mwanafunzi anayesoma shule ya mbali. Itatumika miaka mingi. Ikinunuliwa isiyomfaa mwendeshaji, maumivu ya mgongo na ganzi ya viganja vitamsumbua kwa miaka hiyo yote.

Dukani mnunuzi huulizwa swali moja: "Unataka inchi ngapi?" Naye hujibu, "Ishirini na nane." Zingatia hapa. Namba 28 ni kipimo cha gurudumu, si cha fremu. Baiskeli mbili zenye magurudumu ya inchi 28 zinaweza kuwa na fremu tofauti, moja ya inchi 22 na nyingine ya inchi 24. Kinachoamua kama miguu itafika chini, mgongo utainama kiasi gani na mikono itabeba uzito gani ni fremu pamoja na usukani. Hayo yote unaweza kuyakokotoa kwa hisabati uliyonayo tayari.

1. FREMU NI PEMBETATU

Mwaka 1885, John Kemp Starley wa Coventry, Uingereza, alitoa baiskeli iliyoitwa Rover. Ilikuwa na magurudumu mawili yanayokaribiana kwa ukubwa na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma. Baiskeli nyeusi tunazozifahamu, kama Phoenix ya China au Hero na Avon za India, ni wajukuu wa umbo hilo. Fremu yake imejengwa kwa pembetatu, kwa sababu pembetatu ni umbo lisilopinda kirahisi: ukishafunga pande tatu, pembe zake haziwezi kubadilika bila upande mmoja kuvunjika au kujikunja. Umbo la pande nne halina sifa hiyo.

Jifunze majina tutakayotumia:
- Bomba la kiti: linatoka kwenye ekseli ya pedali na kupanda hadi chini ya kiti. Limelalia nyuma kidogo.
- Bomba la juu: linatoka kwenye kiti kwenda mbele. Ndipo mtoto hukalishwa.
- Bomba la usukani: ni fupi, liko mbele, nalo limelalia nyuma. Ndani yake hupita shingo ya usukani na foku.
- Vishikio: mahali viganja vinaposhika.

Ukubwa wa fremu husomwa kwa urefu wa bomba la kiti. Kumbuka: inchi 1 = sentimeta 2.54. Thamani zote za saini na kosaini katika somo hili ni za tarakimu nne baada ya nukta.

MFANO WA 1: Je, miguu itafika chini?

Baiskeli ina fremu ya inchi 24. Bomba la kiti linafanya pembe ya nyuzi 70 na mstari wa mlalo. Ekseli ya pedali iko sm 30 juu ya ardhi, na bomba la juu limeanzia kwenye ncha ya bomba la kiti, likiwa mlalo. Mwanafunzi ana urefu wa mguu kwa ndani, kutoka msamba hadi unyayo, wa sm 79. Je, anaweza kusimama akiwa amepanua miguu juu ya bomba hilo?

Suluhisho
Hatua ya 1: Urefu wa bomba la kiti = 24 × 2.54 = sm 60.96.
Hatua ya 2: Bomba la kiti ni hipotenusi. Kimo cha wima ni upande unaotazamana na pembe ya nyuzi 70, kwa hiyo tunatumia saini:
kimo = 60.96 × sin 70° = 60.96 × 0.9397 = sm 57.3.
Hatua ya 3: Ongeza kimo cha ekseli: 57.3 + 30 = sm 87.3.
Hatua ya 4: Linganisha: 87.3 − 79 = 8.3. Bomba liko juu ya uwezo wake kwa sm 8.3.

Jibu: Hawezi. Akisimama ghafla itambidi aiinamishe baiskeli upande mmoja. Kama kuna gunia kwenye keria, baiskeli itamvuta aanguke.

Ukirudia hatua hizo kwa fremu ya inchi 22 utapata sm 82.5. Bado amepungukiwa na sm 3.5. Sasa unaona kwa nini watoto huendesha baiskeli za wakubwa kwa kupenyeza mguu mmoja chini ya bomba la juu. Fremu ambayo bomba lake la juu limeshushwa, ambayo watu huiita "ya kike", huondoa tatizo hili kwa yeyote mwenye miguu mifupi. Jinsia haimo katika hesabu. Kilichomo ni kimo cha bomba. Mvulana asione haya kuichagua.

2. KITI NA VISHIKIO KAMA NUKTA MBILI

Chora jira la x (mlalo) na jira la y (wima) yakikutana kwenye ekseli ya pedali. Mbele ya ekseli x ni chanya, nyuma ni hasi. Sasa kiti ni nukta K na vishikio ni nukta V. Starehe ya mgongo inategemea mahali V ilipo ukilinganisha na K.

Kiti kikae juu kiasi gani? Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda mashindano ya baiskeli ya Ufaransa mara tatu (1986, 1989 na 1990), alieneza kipimo hiki cha makadirio: umbali kutoka ekseli ya pedali hadi juu ya kiti ni urefu wa mguu kwa ndani ukizidishwa kwa 0.883. Kwa mwanafunzi wetu: 79 × 0.883 = 69.8, yaani karibu sm 70.

MFANO WA 2: Baiskeli mbili, mtu mmoja

Kiti kiko sm 70 kutoka ekseli, kikifuata bomba la nyuzi 70. Baiskeli A ni nyeusi ya kawaida, usukani wake umepindia nyuma na vishikio viko V(26, 76). Baiskeli B ni ya gia, usukani wake umenyooka na vishikio viko V(46, 62). Vipimo vyote ni sentimeta. Kwa kila baiskeli tafuta umbali KV na mteremko wake.

Suluhisho
Nukta K: x = −70 × cos 70° = −70 × 0.3420 = −23.9; y = 70 × sin 70° = 65.8. Kwa hiyo K ni karibu (−24, 66).

Baiskeli A: tofauti ya x = 26 − (−24) = 50; tofauti ya y = 76 − 66 = 10.
Umbali = √(50² + 10²) = √2600 = sm 51.0.
Mteremko = 10 ÷ 50 = 0.2 (chanya: vishikio viko juu ya kiti).

Baiskeli B: tofauti ya x = 46 − (−24) = 70; tofauti ya y = 62 − 66 = −4.
Umbali = √(70² + 4²) = √4916 = sm 70.1.
Mteremko = −4 ÷ 70 = −0.06 (hasi: vishikio viko chini ya kiti).

Maana yake: Kwenye A mtu huketi wima, kifua wazi. Kwenye B hulazimika kujinyoosha mbele kwa sm 19 zaidi, na viganja vyake huwa chini kuliko kiti. Mguu haukubadilika wala kiti hakikubadilika. Kilichobadilika ni mahali pa vishikio.

3. MIKONO INABEBA KIASI GANI?

Hapa tunahamia Fizikia. Kiwiliwili, kichwa na mikono kwa pamoja ni takriban theluthi mbili ya uzito wa mwili. Sehemu hiyo huzungukia nyonga kama mlango unavyozungukia bawaba zake. Ukiinama mbele, uzito wake unataka kukuangusha usoni, na mikono inasukuma juu kuzuia.

MFANO WA 3

Mwanafunzi ana tungamo la kg 54; sehemu ya juu ya mwili wake ni kg 36, yaani uzito wa N 360 (g = N 10 kwa kg). Kitovu cha uzito huo kiko m 0.30 kutoka nyonga, kikifuata mgongo. Nyonga iko wima juu ya K. Kwenye A mgongo unafanya nyuzi 75 na mlalo. Kwenye B nyuzi 50. Tafuta kani F ya wima inayobebwa na viganja. Chukulia misuli ya mgongo haisaidii.

Suluhisho
Egemeo ni nyonga. Kanuni: momenti ya mwendo wa saa = momenti ya kinyume cha saa. Umbali tunaoutaka ni wa mlalo, kwa kuwa uzito hushuka wima. Kwa hiyo kosaini.

Baiskeli A: umbali wa uzito = 0.30 × cos 75° = 0.30 × 0.2588 = m 0.0776.
360 × 0.0776 = F × 0.50
F = 27.9 ÷ 0.50 = N 56 (karibu).

Baiskeli B: umbali wa uzito = 0.30 × cos 50° = 0.30 × 0.6428 = m 0.1928.
360 × 0.1928 = F × 0.70
F = 69.4 ÷ 0.70 = N 99 (karibu).

Viganja vya mtu yule yule vinabeba N 56 kwenye A na N 99 kwenye B. Katika maisha misuli ya mgongo husaidia, lakini mzigo hauondoki: unagawanywa kati ya viganja na mgongo. Ndiyo sababu baada ya kilometa nyingi mtu analalamika vidole kufa ganzi, shingo kukaza au kiuno kuuma. Sasa unaweza kumwonyesha chanzo chake kwa namba.

Usiandike kwenye mtihani kwamba kukaa wima ni bora siku zote. Anayekaa wima hupokea mitikisiko ya barabara moja kwa moja kwenye uti wa mgongo, na ndiyo maana viti vya baiskeli nyeusi huwekwa springi nene. Upepo wa mbele nao humpiga kifuani. Anayekimbiza mashindano huinama kwa makusudi ili kupunguza upepo, naye hukubali gharama yake. Kwa mwanafunzi mwenye begi la madaftari na barabara ya makorongo, A inafaa zaidi.

4. SPANA INABADILI NINI?

Watu wengi husema, "Nunua tu, fundi ataiweka sawa." Tupime kauli hiyo kwa vekta.

MFANO WA 4

Fundi anapandisha usukani wa baiskeli B kwa sm 4. Shingo ya usukani hupanda ikifuata bomba lake, ambalo nalo limelalia nyuma kwa nyuzi 70. Tafuta V mpya na umbali mpya KV.

Suluhisho
Mabadiliko ya x = −4 × cos 70° = −1.4. Mabadiliko ya y = 4 × sin 70° = 3.8.
V mpya = (46 − 1.4, 62 + 3.8) = (44.6, 65.8).
Tofauti ya x = 44.6 + 24 = 68.6; tofauti ya y = 65.8 − 66 = −0.2.
Umbali = karibu sm 68.6.

Kimo kimerekebika: vishikio sasa viko karibu sawa na kiti. Lakini umbali umepungua kwa sm 1.5 tu. Bado ni mrefu kuliko wa baiskeli A kwa zaidi ya sm 17.

Angalia jambo la pili. Bomba la kiti na bomba la usukani katika mfano huu ni sambamba. Ukipandisha kiti kwa sm 4 na usukani kwa sm 4, K na V zimesogezwa kwa vekta moja. Vekta KV haibadiliki hata kidogo: umbali ule ule, mteremko ule ule.

Hitimisho la kukariri: Spana hurekebisha kimo, haifupishi fremu. Kiti kinaweza kusogezwa mbele sentimeta chache, na usukani ulionyooka unaweza kubadilishwa kwa uliopindia nyuma, jambo linalosaidia sana kwa gharama ndogo. Lakini urefu wa bomba la juu na kimo chake ni vya kudumu. Hivyo ndivyo vya kupimwa kabla fedha ya pamba haijatoka mfukoni.

Tahadhari: Shingo ya usukani na bomba linaloshika kiti mara nyingi huwa na alama inayoonyesha mwisho wa kupandisha. Usivuke alama hiyo. Sehemu iliyobaki ndani ikiwa fupi mno, usukani unaweza kuchomoka mkiwa kwenye mteremko.

5. KAZI YA VITENDO

Fanyeni wawili wawili. Mnahitaji futi ya fundi cherehani, uzi, jiwe dogo na baiskeli iliyosimamishwa wima mahali tambarare.
1. Fungeni jiwe kwenye uzi iwe timazi. Ining'inizeni kutoka katikati ya kiti na muweke alama chini. Rudieni kwa kishikio na kwa ekseli ya pedali.
2. Pimeni umbali wa mlalo kati ya alama hizo ardhini, mkifuata mwelekeo wa baiskeli. Hizo ndizo x.
3. Pimeni kimo cha kiti, kishikio na ekseli kutoka ardhini. Toeni kimo cha ekseli kwenye vile viwili. Hizo ndizo y.
4. Kokotoeni KV na mteremko. Rudieni kwa baiskeli tatu tofauti, kisha waulizeni wenye baiskeli hizo wanaumia wapi wakisafiri mbali. Linganisheni majibu yao na namba zenu.

6. MAKOSA YANAYOPOTEZA ALAMA

- Kuchanganya saini na kosaini. Jiulize kwanza: pembe imepimwa kutoka mlalo au kutoka wima? Ikiwa kutoka mlalo, kimo ni saini.
- Kusahau alama ya hasi ya x ya kiti. Anayeandika 26 − 24 = 2 amekiweka kiti mbele ya ekseli.
- Kutumia urefu wa mgongo (m 0.30) kwenye momenti badala ya umbali wa mlalo.
- Kuchanganya sentimeta na mita katika swali moja.
- Kukadiria mapema mno. Kadiria kwenye jibu la mwisho.
- Kuandika jibu bila hatua. Hatua sahihi zina alama zake hata jibu la mwisho likikosewa.

ZOEZI

1. Fremu ya inchi 20 ina bomba la kiti la nyuzi 70 na ekseli iliyo sm 28 juu ya ardhi. Tafuta kimo cha bomba la juu. Je, mwanafunzi wa Mfano wa 1 anaweza kusimama juu yake?
2. Kiti cha baiskeli A kimepandishwa sm 5 kufuata bomba lake bila kugusa usukani. Tafuta K mpya na umbali mpya KV.
3. Baiskeli B (kabla ya kupandishwa usukani) imewekewa usukani unaorudisha vishikio nyuma sm 12 na kuvipandisha sm 5.
(a) Tafuta umbali mpya KV.
(b) Mgongo sasa unafanya nyuzi 62 na mlalo (cos 62° = 0.4695). Kwa kutumia data za Mfano wa 3, tafuta kani kwenye viganja.
4. Umbali kati ya ekseli za magurudumu mawili ni m 1.1. Mwendeshaji na baiskeli vina uzito wa N 700, na kitovu chao kiko m 0.45 mbele ya ekseli ya nyuma.
(a) Tafuta kani inayobebwa na gurudumu la mbele.
(b) Gunia la N 400 limefungwa kwenye keria, kitovu chake kikiwa m 0.15 nyuma ya ekseli ya nyuma. Tafuta kani mpya kwenye gurudumu la mbele na ueleze mwendeshaji atahisi nini kwenye usukani.
5. Mzazi anasema, "Nimemnunulia inchi 28, itamfaa." Kwa sentensi tatu, mweleze ni vipimo gani vingine alipaswa kuvitazama na kwa nini.

MAJIBU

1. 20 × 2.54 × 0.9397 + 28 = sm 75.7. Anaweza, anabakiwa na nafasi ya sm 3.3.
2. K mpya = (−25.7, 70.7). Tofauti ni 51.7 na 5.3; KV = sm 52.0.
3. (a) V = (34, 67); tofauti ni 58 na 1; KV = sm 58.0. (b) 360 × 0.30 × 0.4695 = 50.7, 50.7 ÷ 0.58 = N 87 (karibu). Imepungua kutoka N 99.
4. (a) 700 × 0.45 ÷ 1.1 = N 286. (b) (315 − 60) ÷ 1.1 = N 232. Gurudumu la mbele limekuwa jepesi, hivyo usukani utayumba kwa urahisi, hasa wakati wa kupanda mlima.
5. Jibu liguse hoja hizi: 28 ni gurudumu tu, kimo cha bomba la juu huamua kama miguu itafika chini, umbali kutoka kiti hadi vishikio huamua mzigo wa mgongo na viganja, na hauondolewi wote kwa spana.